Siku ya Alhamisi bibi alisali Matendo gani ya Rozari?

*"Shikamoo mwalimu. Bibi yetu mzaa mama alifariki mwezi wa pili, nyumbani kwake Rombo, Kilimanjaro. Desemba tukipanda kwa ajili ya Krismasi kutakuwa na Misa ya kumkumbuka, na kaburi litajengewa. Nimepewa kazi ya kuandika maisha yake kwenye kijitabu, eti kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Nimekwama. Kitambulisho chake kinasema 1 Julai 1938. Mjomba anasema bibi alizaliwa mwaka wa nzige, kwa hiyo ni 1930 au 1931. Mama mdogo anasema alizaliwa wakati wa vita ya Hitler. Fundi anataka mwaka wa kuchonga kwenye jiwe. Halafu mjomba anataka tuandike rozari, jumuiya na WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), basi. Yote hayo ni kweli, bibi alikuwa mtu wa sala kwelikweli. Lakini nakumbuka pia akimwaga mbege, pombe yetu ya ndizi, kidogo chini kabla ya kunywa, na nakumbuka miaka aliyokuwa hasemi na mdogo wake. Nikiandika nitamvunjia heshima? Nikiacha, si nitakuwa nimeandika habari za mtu mwingine? La mwisho naona aibu hata kulisema: naanza kusahau sauti yake. Nina ujumbe wake mmoja wa sauti kwenye simu, sekunde arobaini, na sijathubutu kuusikiliza tangu tumzike."*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nimekusoma mara mbili. Umeuliza mambo manne, lakini nyuma yake naona hofu moja: kwamba kijitabu hiki kikishachapwa kitakuwa ndiye bibi, na ukikosea wewe, atakuwa amekosewa yeye. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukaa na wazee na kinasa sauti, kisha kukaa na watoto wao baada ya msiba, na hofu hiyo naijua. Mimi mwenyewe niliwahi kusoma historia ya marehemu bibi yangu mbele ya jeneza. Niliandika usiku mmoja, kama wanavyoandika wengi: kuzaliwa, ndoa, kisha aya mbili ndefu za presha, sukari, rufaa na vipimo, kisha ameacha watoto kadhaa, wajukuu kadhaa, vitukuu na vilembwe. Tulipotoka makaburini jirani yake wa miaka mingi akanishika mkono akaniambia, "Mjukuu wangu, umetusomea faili la hospitali." Sijasahau. Wewe umepewa hadi Desemba, na hiyo ni bahati ambayo mimi sikuwa nayo.

Tuanze na mwaka, maana fundi anasubiri.

Ile 1 Julai iweke pembeni. Hiyo ni tarehe ya karani. Mzee asiyejua siku yake ya kuzaliwa anapofika mbele ya fomu, fomu haikubali kuachwa wazi, basi karani huandika mwanzo wa mwaka au katikati ya mwaka, na mwaka wenyewe hukadiriwa kwa kumtazama mtu usoni au kwa kuhesabu watoto. Haina maana kwamba 1938 ni uongo. Ina maana tu kwamba si ushahidi.

Sasa mjomba na mama mdogo. Unadhani wanapingana. Inawezekana kabisa wanasema jambo lile lile. Nzige hawakuja mara moja. Nzige wekundu walisumbua Afrika Mashariki na kusini yake kwa vipindi tangu 1930 hivi hadi katikati ya miaka ya 1940, na vita ya Hitler ilikuwa 1939 hadi 1945. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1942 au 1943 angeweza kuambiwa na mama yake kwamba alizaliwa wakati wa nzige, na kuambiwa na baba yake kwamba alizaliwa wakati wa vita, na wazazi wote wawili wakawa wakweli. Mjomba alilishika neno nzige, akauliza au akasoma mahali kwamba nzige walikuja 1930, akafunga hesabu. Namba ndiyo aliyoiongeza yeye. Neno nzige ndilo alilopokea. Ukienda kuongea naye, tenganisha hivyo viwili kwa upole. Usimwambie amekosea. Muulize, "Mjomba, bibi mwenyewe alitumia maneno gani?"

Na ukiwauliza wazee wengine, usiwaulize mwaka. Swali la mwaka humfanya mzee abahatishe ili akuridhishe. Uliza habari za watoto na mimba. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, mwenge wa Uhuru ulipowashwa kule juu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, bibi alikuwa ameolewa? Alikuwa na mtoto mgongoni, na ni yupi kati ya hao mliobaki? Azimio la Arusha, Februari 1967, mtoto wa ngapi alikuwa ameshaanza shule? Ukipata majibu mawili yanayoshikana, rudi nyuma kwa kuhesabu. Bibi aliyekuwa na watoto watatu wakati wa Uhuru hawezi kuwa amezaliwa 1943, isipokuwa kama aliolewa akiwa mtoto, na hilo nalo utataka kulijua.

Lakini kuna mlango ulio mfupi kuliko yote hiyo, nao uko parokiani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kusambaa mlimani kutoka hapo, kwa hiyo bibi alizaliwa mahali ambapo vitabu vya ubatizo vilikuwa vimeandikwa kwa miaka arobaini hivi. Omba miadi na paroko, usiende Jumapili baada ya Misa ya kwanza ukamkuta ana watu ishirini mlangoni. Na kabla hujaenda, ulizia jambo ambalo wengi hulisahau: parokia ya bibi ya leo pengine haikuwepo alipozaliwa. Parokia zimegawanywa mara nyingi, na vitabu vya zamani kwa kawaida hubaki parokia mama. Utalazimika kutafuta huko.

Maandishi yatakuwa ya Kilatini, maana vitabu vya miaka ile, kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, viliandikwa hivyo. Usiogope. Yohana utamkuta ameandikwa Joannes. *Nata* ni siku aliyozaliwa, *filia* ni binti wa fulani, na ukiona *circiter* mbele ya tarehe ujue padre naye alikuwa anakadiria. Kisha tazama ukingoni mwa mstari. Sheria ya Kanisa inataka kipaimara na ndoa ya mtu vinukuliwe kwenye mstari wake wa ubatizo, hata kama alifunga ndoa parokia nyingine. Nimewahi kuona mstari mmoja wa kitabu ukitoa siku ya ubatizo, msimamizi, mwaka wa kipaimara na jina la mume, kwa wino wa rangi tatu tofauti. Watoto wa yule mama walikuwa wamebishana kwa miezi.

Ukikosa siku ya kuzaliwa, au ukikuta *circiter*, ushauri wangu kwa fundi ni huu: chonga tarehe ya ubatizo, ambayo ndiyo yenye uhakika, na siku ya kufariki. "Alibatizwa" badala ya "Alizaliwa". Mwanamke uliyemweleza asingelalamika. Jambo moja tu la tahadhari: kijitabu na jiwe si hati. Kama mnahitaji umri au majina kwa ajili ya mirathi, hayo yafuatwe kwa cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kwa mahakama, sio kwa nilichokuambia hapa.

Nije kwenye imani yake, ambapo ndipo mjomba na wewe mmetofautiana.

Mjomba amesema rozari, jumuiya, WAWATA. Tazama miaka. WAWATA ilianzishwa mwaka 1972. Jumuiya ndogondogo, yaani vikundi vya majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, zilifanywa kipaumbele na maaskofu wa Afrika Mashariki mwaka 1976. Bibi yako kufikia hapo alikuwa mama mtu mzima mwenye nyumba na watoto, kwa makisio yoyote yale ya umri. Maana yake orodha ya mjomba inaanza katikati ya maisha yake. Kabla ya vitenge vya sare na zamu za jumuiya, alisali wapi, na nani, saa ngapi? Nani alimfundisha? Mjomba hajakudanganya, amekupa imani aliyoiona yeye akiwa mkubwa.

Na kuna tatizo la pili, la maneno yenyewe. "Alikuwa mcha Mungu, mwenye upendo na mkarimu kwa wote." Sentensi hiyo nimeisikia kwenye misiba ya watu waliokuwa hivyo na ya watu ambao hawakuwa hivyo. Haishiki mtu. Imani ya mwanamke wa mlimani ilikuwa ndani ya ratiba yake na mikono yake, na huko ndiko utaifuata. Kwa hiyo mimi ningekaa na mama mdogo nimuulize swali dogo mno: siku ya Alhamisi, bibi alisali Matendo gani?

Unaona ninakoelekea. Matendo ni mafumbo ya maisha ya Yesu na Maria yanayotafakariwa katika rozari, na kila siku ina yake. Hadi mwaka 2002 Alhamisi ilikuwa siku ya Matendo ya Furaha. Mwaka huo Papa Yohane Paulo II akaongeza Matendo ya Mwanga na kuyapa Alhamisi. Bibi alikuwa ameshasali Alhamisi yake ile ile kwa zaidi ya miaka hamsini. Je, alibadilika? Kuna wazee waliobadilika wiki ile ile kwa sababu padre amesema. Kuna waliojifunza Mwanga kwa shida, wakimwomba mjukuu awasomee kwenye karatasi. Kuna waliosema nimezoea hivi, Mama Maria ananielewa. Kuna waliosali yote mawili ili wasimkosee mtu. Ukipata jibu, utakuwa umepata tabia ya bibi: utii wake, ukaidi wake, au ucheshi wake. Hakuna kivumishi kitakachokupa hilo.

Endelea hivyo hivyo. Rozari yake ilikuwa ya nini, mbao au plastiki, na ilikatika mara ngapi, ikaungwa kwa uzi gani? Ilikaa wapi usiku? Kengele ya Malaika wa Bwana ilipolia mchana akiwa na jembe kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo, alisimama au aliendelea kulima huku midomo inatembea? Kama alikuwa miongoni mwa wanawake wa Rombo waliovuka Holili na ndizi kwenda kuuza Taveta, siku za soko alisali saa ngapi? Aliyetembea naye gizani atakuambia. Papa alipofika Moshi Septemba 1990, bibi alikwenda? Kwa gari la nani, na alirudi na nini? Ni akina nani aliowaombea kila siku kwa jina, na katika orodha hiyo wewe ulikuwa wa ngapi? Na alisali kwa lugha gani akiwa peke yake? Wengi walisali Kiswahili kwa sababu sala walifundishwa kwa Kiswahili, lakini mtoto akianguka, jina la Mungu lilitoka kwa Kirombo. Maneno ya namna hiyo yaandike kwa Kirombo chake, uyafafanue pembeni. Usiyatafsiri ukayatupa.

Sasa mbege.

Kwanza elewa kwa nini wewe tu ndiye unayelikumbuka hilo. Mwanasaikolojia wa Cambridge, Frederic Bartlett, alionyesha mwaka 1932 kwamba watu wanaposimulia tena na tena hadithi isiyofanana na mazoea yao, hawaisahau hovyo. Wanaipunguza pale panapowashangaza na kujaza pale wanapopazoea. Familia nayo hufanya hivyo. Kila msiba, kila Krismasi, habari za bibi zinasimuliwa, na kila mara kile kisichoingia kwenye picha ya mama wa Kanisa kinaachwa kidogo, hadi kinatoweka bila mtu yeyote kusema uongo. Mjomba pengine aliliona tone lile la mbege mara elfu. Wewe ulikuwa mtoto, ulikuwa karibu na ardhi, ukaliona likianguka.

Ushauri wangu ni uandike, na uandike ulichokiona tu. Kwamba ilikuwa jioni, kwamba alipokea kata kwa mikono miwili, kwamba kabla ya kunywa alimwaga kidogo karibu na mguu wake bila kusema neno, au kama alisema, alisema nini. Usiandike kwamba alikuwa anaabudu mizimu, maana hakukuambia hivyo. Usiandike pia kwamba ilikuwa desturi tu isiyo na maana, maana hilo nalo hakukuambia. Mtu anaweza kumwaga tone kwa ajili ya waliotangulia, na Novemba akalipia Misa ya marehemu wale wale, akisema "raha ya milele uwape, ee Bwana", na asione mahali mambo hayo mawili yanapogombana. Wapo mapadre watakaokuambia yanagombana, wapo watakaokuambia ni utamadunisho, imani kukaa ndani ya mila. Wewe hukuitwa kuamua. Kama mjomba atakataa kabisa, mpe sentensi aisome kabla ya kuchapwa. Mara nyingi mtu anakataa wazo, akiiona sentensi yenyewe anatulia. Akikataa tena, iache kwenye kijitabu cha Misa na uiweke kwenye daftari la familia. Kijitabu kinasomwa kanisani mbele ya wageni. Daftari ni la wajukuu. Si kila kilicho kweli lazima kisomwe siku ile ile.

Ugomvi na mdogo wake ni jambo jingine, na hapa nakuwa mkali kidogo. Mbege ilikuwa ya bibi peke yake. Ugomvi ni wa wawili, na mmoja, kama yungali hai, ana haki ya kuulizwa. Nenda kwake. Usiende na simu inayorekodi mezani. Nenda na sukari na chumvi, kaa, ongea habari za mvua. Ukiona mlango uko wazi, uliza walipatanaje, usiulize waligombania nini. Kwenye mlima huu upatanisho una jani lake, sale, ambalo anayeomba msamaha humpelekea aliyemkosea: je, kulikuwa na sale? Nani alilibeba, alilipokea nani, walikuwa wamesimama wapi? Jani la sale likishaletwa, anayeombwa msamaha hana pa kujificha, na mwanamke aliyesali Baba Yetu kila siku kwa miaka yote ile ya kununa alijua anachokisema kila alipofika kwenye "utusamehe". Hilo, kwa maoni yangu, lingekuwa ukurasa bora wa kijitabu chako. Lakini kama mdogo mtu hataki, au kama chanzo kilikuwa mpaka wa kihamba, funga kabisa. Nimeona kijitabu cha msiba kikipelekwa kwenye baraza kama ushahidi wa nani alimnyima nani ardhi. Mambo ya mpaka ni ya msaidizi wa kisheria au wakili, uso kwa uso, na mapema.

Kama hawakupatana, sitakuambia utafute faraja. Andika kwamba alikuwa na mdogo wake na jina lake, uendelee.

Mwisho sauti. Acha aibu. Kuna kukumbuka kwa kuita na kuna kukumbuka kwa kutambua, na ni vitu tofauti. Sauti ya mtu ni ngumu mno kuiita kichwani ukiwa umekaa kimya. Wengi wetu hatuwezi hata kwa walio hai. Lakini ukiisikia utaitambua kwa neno la kwanza, hata baada ya miaka mingi. Kwa hiyo unachokiona kama kusahau ni ule mlango wa kuita tu, ambao haukuwahi kuwa imara.

Hatari ya kweli iko kwenye simu. Sekunde hizo arobaini ziko kwenye kifaa kinachoweza kuanguka kwenye beseni kesho. Leo, kabla hujasikiliza, toa nakala: weka moja kwenye kompyuta, mtumie mama mdogo moja, mtumie ndugu aliye mbali moja. Huna haja ya kusikiliza ili kunakili. Ukishamaliza, hofu ya kuupoteza itakuwa imeondoka, na utabaki na ile nyingine, ambayo haina haraka. Siku ukiwa tayari, usisikilize usiku peke yako. Kaa na mtu aliyempenda.

Kulia, kumwota, kumtafuta jikoni kwake ukifika Desemba, hayo yote ni ya kawaida kwa msiba wa mwaka huu. Lakini kama hulali kwa wiki nyingi, kazi imekushinda, au uchungu unakaa pale pale kwa ukali ule ule ukivuka miezi sita, nenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali. Shirika la Afya Duniani linatambua huzuni ya namna hiyo kuwa hali inayotibika. Padre na katekista wako watakaa nawe vizuri, waendee pia. Ila likija wazo la kutaka kumfuata bibi, hilo ni la hospitali, siku hiyo hiyo, na usiende peke yako.

Ukishausikiliza ujumbe ule mara ya kwanza, na mkalia mnavyolia, urudie mara ya pili bila kumsikiliza yeye. Sikiliza nyuma yake. Kuna jogoo? Kuna redio, na inasema nini? Kuna mtu anayepasua kuni, mvua juu ya bati, sauti ya mtoto ambaye sasa ni mkubwa? Andika unachokisikia, moja baada ya jingine, na ukaulize ni nani aliyekuwa anakohoa.